Jaribio la Nne: Kapteni, Tulikukosea

Jumatatu, Januari 29, 2024. Saa nane na nusu usiku. Mimi na binamu yangu tumejifungia kwa chumba chake, simu imeegemezwa kwa kikombe, sauti iko chini kabisa juu mamake analala upande wa pili wa ukuta na asubuhi ni kazi. Tunaangalia Detroit Lions na San Francisco 49ers. Mshindi anaenda Super Bowl.

Kama hujui Lions, wacha nikupe picha. Hii ni timu ambayo taji lake la mwisho la ligi lilikuwa 1957, kabla hata Super Bowl yenyewe haijaanzishwa. Haijawahi kucheza Super Bowl hata moja. Kuna mafans wamezaliwa, wameoa, wamezika wazazi, wamezeeka, na hawajawahi kuiona timu yao kwenye hiyo fainali. Sasa usiku huo, kufikia mapumziko, Lions wako mbele 24 kwa 7. Tena ugenini. Binamu yangu, ambaye alianza kuwashabikia kwa sababu tu ya rangi ya jezi, anacheza dansi akiwa amekaa.

Kabla niendelee, sheria kidogo kwa wale hawaangalii huu mchezo. Si ngumu vile watu husema. Timu iliyo na mpira inapewa majaribio 4 ya kusonga yadi 10. Ukizifikisha, unapewa mengine 4. Usipofikisha, wapinzani wanachukua mpira hapo hapo ulipokwama. Kwa hivyo jaribio la 4 ndilo la roho mkononi, na timu nyingi zikifika hapo hazijaribu. Zikiwa mbali, zinaupiga mpira teke uende mbali kabisa ili wapinzani waanzie huko nyuma. Zikiwa karibu, zinapiga teke la kupita katikati ya milingoti, zinachukua pointi 3 na kushukuru Mungu. Kuufikisha mpira eneo la mwisho, yaani tachidauni, ni pointi 6. Hiyo inakutosha kufuata hii stori.

Kocha wa Lions anaitwa Dan Campbell. Jitu kubwa, mwenyewe alicheza ligi hiyo hiyo. Robo ya 3, akiongoza 24 kwa 10, timu yake ikafika jaribio la 4 ikihitaji yadi 2, kwenye yadi ya 28 ya wapinzani. Pointi 3 ziko hapo mezani. Campbell akakataa. Akasema tucheze. Pasi ikamfikia Josh Reynolds mikononi, ikamponyoka. Muda si muda 49ers nao wakarusha pasi ndefu, ikagonga kofia ya mlinzi wa Lions, ikaruka juu, na Brandon Aiyuk akaidaka akianguka. Hapo nikajua usiku umegeuka.

Robo ya 4. Uongozi wote umeyeyuka, 49ers wako mbele 27 kwa 24. Zimebaki dakika 7 na sekunde 32. Jaribio la 4 tena, yadi 3, kwenye yadi ya 30. Teke likiingia ni sare. Campbell akakataa tena. Pasi ikaanguka chini. Mechi ikaisha 34 kwa 31, na Lions wakarudi Detroit.

"Huyu kocha ni mjinga, walai," binamu akasema. "Angepiga mateke mawili tu ni pointi 6. Thelathini na moja ukiongeza sita ni ngapi?"

Thelathini na saba. Hesabu ya darasa la pili. Nikanyamaza. Kuna sababu nilinyamaza, na nitaifikia huko mbele.

Asubuhi hiyo mtandao mzima ulikuwa binamu yangu. Kila mtu alikuwa na hesabu ya thelathini na saba. Naye Campbell alipoulizwa akasema anaelewa watu watamkosoa lakini hajutii maamuzi yake. Watu wakamcheka zaidi.

Mimi nimekaa na hiyo mechi hadi leo, na nimefika mahali pangu: Campbell hakukosea vile mnadhani. Kitu tunachokosea ni vile tunavyohukumu watu. Tunangoja tuone mpira umeangukia wapi, halafu ndio tunaamua kama aliyeurusha alikuwa na akili.

Anza na ile hesabu ya binamu. Inaonekana safi lakini ina shimo. Inachukulia kwamba Campbell angepiga teke la kwanza, kila kitu kingine kingebaki vile vile: ile pasi ingegonga kofia ile ile, mpira ungeponyoka mikono ile ile, hadi dakika ya mwisho. Mechi haiendi hivyo. Ukibadilisha kitu kimoja robo ya 3, zote zinazofuata ni mechi nyingine. Pia inachukulia mateke yote mawili yangeingia, na yalikuwa ya zaidi ya yadi 45 kila moja. Hakuna mtu hupewa pointi 3 kwa sababu ameomba.

Nakubali, lile jaribio la pili ni la kubishaniwa. Uko nyuma kwa 3, sare iko pale, dakika zimebaki 7. Mtu mwenye akili timamu angepiga teke na nisingemuita mwoga. Lakini la kwanza? Pasi ilimfikia mtu mikononi. Kama Reynolds angeidaka, leo tungekuwa tunamwita Campbell simba. Uamuzi ni ule ule, ni vidole vya mtu mwingine tu vimefunga au havikufunga.

Na hii ndiyo inanifanya nipende huu mchezo kuliko soka, na najua hapo nimejipalia makaa. Soka ni tamu lakini inatiririka. Kocha anaweza kujificha ndani ya ile dakika 90, na hutajua ni lini hasa aliogopa. American football inasimama. Kati ya mchezo mmoja na mwingine kuna saa ya sekunde 40 inahesabu kurudi nyuma, kamera inaenda moja kwa moja kwa uso wa kocha, na dunia nzima inamuuliza swali moja: bana, wewe ni mtu wa aina gani? Hakuna kona ya kujificha. Mimi nikiwa kitandani Nairobi saa kumi na moja alfajiri nasikia tumbo likikaza kama ni mimi naulizwa.

Kuna mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, David Romer, alichapisha utafiti 2006 kuhusu hili swali la jaribio la 4. Alipopiga hesabu ya mechi za NFL, aligundua makocha wanapiga teke mara nyingi sana kuliko inavyofaa timu zao kushinda. Yaani wataalamu, watu wanalipwa mamilioni ya dola, walikuwa wanachagua njia inayopunguza nafasi yao ya kushinda. Kwa nini?

Maoni yangu ni haya. Ukipiga teke na ukapoteza, lawama inagawanywa: difensi ilikuwa mbovu, refa alituonea, mvua ilinyesha. Ukijaribu na ukakosa, lawama yote ni yako, peke yako, na picha yako iko kila mahali. Kwa hivyo teke si salama kwa timu. Ni salama kwa kocha. Ni njia ya kupoteza bila kulaumiwa.

Soma hiyo tena polepole, halafu ufikirie maisha yako.

Sasa wacha nikuonyeshe mtu aliyekataa hiyo njia wakati ilikuwa inamletea kila kitu alichotaka. Januari 2, 1984, Miami, mechi ya Orange Bowl. Hii ni ligi ya vyuo. Nebraska wameshinda mechi zao zote 12 za msimu, wanaongoza nchi nzima. Wanacheza na Chuo Kikuu cha Miami, kwao Miami. Kocha wa Nebraska ni Tom Osborne, na hajawahi kushinda ubingwa wa taifa.

Robo ya 4 Nebraska wako nyuma 31 kwa 17. Wakarudi. 31 kwa 24. Halafu, zikiwa zimebaki sekunde 48, kwenye jaribio la 4, Jeff Smith akakimbia yadi 24 hadi eneo la mwisho. 31 kwa 30.

Ukifunga tachidauni unapewa nafasi mbili. Unaweza kupiga teke dogo la pointi 1, ambalo karibu kila mtu huingiza. Au unaweza kucheza mara moja tu kutoka yadi 3 kwa pointi 2. Siku hizo ligi ya vyuo haikuwa na muda wa ziada. Sare inabaki sare. Na bingwa alikuwa anaamuliwa kwa kura. Texas, ambao walikuwa namba 2, walikuwa wamepoteza mapema siku hiyo hiyo. Kwa hivyo Osborne alijua: nikipiga teke, tunatoka 31 kwa 31, hatujafungwa msimu mzima, na karibu hakika tunapewa ubingwa. Kitu umetafuta maisha yako yote, na bei yake ni teke moja dogo.

Osborne akaamua kutafuta pointi 2.

Turner Gill akarusha pasi kumtafuta Smith, na mlinzi wa Miami, Ken Calhoun, akaigusa kwa vidole. Ikaanguka. Miami wakawa mabingwa.

Nimeifikiria hii stori usiku mwingi. Huyu mzee hakuwa anacheza kamari. Aliangalia wachezaji wake, watu walikuwa wamekuja pale kushinda mechi, na akaona hawezi kuwaambia twende nyumbani na sare tukapigiwe kura. Unajua kilichomfuata? Hawakumfukuza. Aliendelea kufundisha hapo hapo na akashinda ubingwa 1994, 1995 na 1997. Baadaye watu wa Nebraska wakampigia kura akaingia Bunge la Marekani. Lakini hata kama hangeshinda chochote tena, ningesema alikuwa sawa usiku ule wa Miami. Hapo ndipo tunatofautiana na wengi wenu. Nyinyi mnahitaji ile 1994 ndio mmsamehe 1984.

Tukirudi NFL, Novemba 15, 2009. Bill Belichick wa New England Patriots anaongoza Indianapolis Colts 34 kwa 28, zimebaki dakika 2 na sekunde 8. Jaribio la 4, anahitaji yadi 2, lakini yuko kwa yadi yake mwenyewe ya 28. Huku ni nyumbani kwake kabisa. Kila kitabu kinasema piga mpira mbali. Lakini upande wa pili kuna Peyton Manning, na Belichick hakutaka kumpa mpira. Akajaribu. Kevin Faulk akadaka pasi, wakampima, akakosa kidogo tu. Manning akapewa mpira karibu na mlango na Colts wakashinda 35 kwa 34. Belichick aliitwa kila jina.

Sasa linganisha. Februari 4, 2018, Super Bowl, Minneapolis. Philadelphia Eagles wako nyuma 33 kwa 32 dhidi ya Patriots wa Belichick huyo huyo. Zimebaki dakika 5 na sekunde 39. Jaribio la 4, yadi 1, na Eagles bado hawajavuka katikati ya uwanja, wako yadi yao ya 45. Kocha wao Doug Pederson anacheza na mrushaji wa akiba, Nick Foles, kwa sababu Carson Wentz aliumia goti Desemba. Pederson akaangalia upande wa pili akaona Tom Brady, ambaye timu yake haikuwa imepiga teke la kutoa mpira hata mara moja mechi nzima. Akajiuliza: nikimpa huyu mtu mpira, nitauona tena? Akajaribu. Foles akampa Zach Ertz pasi fupi, yadi 2. Wakaendelea. Dakika 2 na sekunde 21 zikibaki, Ertz huyo huyo akafunga. Eagles wakashinda 41 kwa 33, Super Bowl yao ya kwanza kabisa.

Umeona? Mawazo ya Belichick 2009 na ya Pederson 2018 ni ndugu. Wote walisema: simwamini Manning, simwamini Brady, heri nijiamini mimi. Mmoja akaitwa mwendawazimu. Mwingine leo kuna sanamu yake nje ya uwanja wa Eagles, yeye na Foles wakiongea kuhusu mchezo mwingine wa jaribio la 4 wa usiku huo huo, ule Foles mwenyewe alidaka pasi na kufunga kabla ya mapumziko. Tofauti ya mwendawazimu na sanamu ni kama hatua moja ya mtu.

Kuna kitu kingine hapo, na hiki si cha kupuuza. Belichick 2009 alikuwa tayari na Super Bowl 3 kama kocha mkuu pale Patriots. Nani angemfukuza? Mtu akiwa na mgongo wa kuegemea anaweza kuthubutu, akikosa anaenda kulala. Kocha mgeni akifanya hivyo wiki ijayo anatafuta kazi. Kwa hivyo ukiona mtu asiye na chochote anathubutu, mheshimu mara mbili. Shika hiyo, tutaihitaji.

Najua mnataka kuniuliza kuhusu Seattle. Sawa, twende. Februari 1, 2015, Super Bowl kule Glendale, Arizona. Seahawks wako nyuma 28 kwa 24, wako yadi 1 kutoka kufunga, zimebaki sekunde 26. Wana Marshawn Lynch, mkimbiaji ambaye kumwangusha ni kama kuangusha trela. Dunia nzima inajua atapewa mpira. Kocha Pete Carroll akaita pasi. Malcolm Butler wa Patriots, kijana wa mwaka wake wa kwanza ambaye hakuna timu ilimchagua siku ya kugawana wachezaji wapya, akaruka mbele akainasa. Imeisha. Wengi wanauita uamuzi mbovu zaidi katika historia ya mchezo huu.

Ebu tuhesabu pamoja. Ilikuwa jaribio la 2, kwa hivyo Carroll ana majaribio 3. Ana taimauti 1 tu. Lynch akikimbia akizuiwa, saa inaendelea kukimbia. Pasi ikianguka chini, saa inasimama. Kwa hivyo ukitaka kutumia majaribio yote 3 ndani ya sekunde 26, mojawapo lazima iwe pasi. Halafu msimu huo wote, hakuna timu ya NFL ilikuwa imenaswa pasi kutoka yadi 1. Naye Lynch alikuwa amepewa mpira yadi 1 mara 5 na kufunga mara 1. Si mimi nimesema, ni rekodi. Unaweza kusema hukupenda pasi yenyewe, ilirushwa katikati ya watu wengi, sawa. Lakini kusema Carroll hakuwa anafikiria ni uongo. Alifikiria. Butler pia alifikiria, kwa sababu mchezo huo huo ulikuwa umemshinda mazoezini siku chache kabla, na safari hii akaukumbuka. Wakati mwingine unafanya hesabu vizuri na kuna kijana upande wa pili amefanya yake vizuri zaidi.

Nishaanza kusikia mtu akisema, "Kwa hivyo unatuambia tu-risk kila kitu? Si hiyo ni sawa na kubet?" Hapana, na hii nataka ieleweke kwa sababu naona marafiki zangu wakiharibikiwa. Ukiweka mkeka wa timu 14 kwa pesa ya rent, hakuna kitu unaweza kufanya kubadilisha matokeo. Hujafanya mazoezi na hao wachezaji. Huwajui. Na hesabu imepangwa na aliyekuuzia, ili mwisho wa mwezi yeye ashinde. Kocha wa jaribio la 4 ni kinyume cha hiyo. Amefanya huo mchezo mazoezini wiki nzima. Anajua miguu ya nani imechoka. Na muhimu zaidi, amelinganisha na ile njia nyingine na akaona hiyo "salama" si salama. Kamari unaingia hatari ambayo hukuhitaji kuingia. Hawa makocha tayari wako ndani ya hatari, swali ni watoke na mlango upi.

Campbell hakubadilika, by the way. Msimu uliofuata Lions walishinda mechi 15 wakapoteza 2. Moja ya hizo ilikuwa Desemba 5, 2024, nyumbani Detroit, dhidi ya Green Bay Packers. Hapa kwetu ilikuwa Ijumaa asubuhi tayari. 31 kwa 31, sekunde 43 zimebaki. Jaribio la 4, yadi 1, wako yadi ya 21 ya wapinzani. Teke hapo ni rahisi, lakini ukifunga unawaachia Packers muda wa kujibu. Campbell akasema tucheze. Mrushaji wake, Jared Goff, akakanyagwa mguu na mwenzake akaanza kuanguka. Akiwa njiani kwenda chini akamkabidhi David Montgomery mpira, na Montgomery akapita yadi 7. Lions wakala saa yote, Jake Bates akapiga teke la mwisho, 34 kwa 31.

34 kwa 31. Namba zile zile za Januari.

Binamu yangu akanitumia ujumbe: "Huyu kocha ni jiniasi." Nikacheka peke yangu kwa matatu hadi kondakta akaniangalia. Goff angemaliza kuanguka, binamu angeandika mjinga.

Sasa nifike kwa ile sababu nilinyamaza.

Nilicheza raga sekondari. Wakenya tunaijua raga kuliko hii ya kofia, na hata Daniel Adongo, Mkenya aliyesajiliwa na Indianapolis Colts 2013, alitoka kwa raga. Mwaka wangu wa mwisho tulifika nusu fainali. Dakika ya mwisho tuko nyuma 13 kwa 10, tunapewa penalti mbele ya milingoti. Teke la pointi 3, sare, tunaenda muda wa ziada. Shule nzima kando ya uwanja inapiga kelele, "Milingoti! Milingoti!" Kapteni wetu akaangalia nyuma, akatuangalia mmoja mmoja, akamwambia refa tunaenda kona. Tunatafuta trai. Mpira ukarushwa kwenye lainiauti, ukapita juu ya mikono yetu, wapinzani wakaudaka na kuupiga nje. Firimbi.

Kwa basi hakuna mtu aliongea naye. Alikaa kiti cha mbele peke yake, karibu na dereva. Halafu mtu huko nyuma akasema, kwa sauti ya kuigiza, "Refa, tunaenda kona," na basi lote likapasuka kwa kicheko. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Kona. Kwa bweni, kwa mesi, hadi tukafanya KCSE. Hadi leo kwa grupu ya WhatsApp ya darasa letu kuna watu wamemsave hivyo.

Yule mtu wa nyuma ya basi alikuwa mimi.

Kitu ambacho sikuwahi kuambia mtu ni hiki. Kabla ya ile penalti, kapteni alikuja kwangu akaniuliza kama mguu utashika. Nilikuwa nimekazwa na misuli. Nikamwambia labda dakika 2. Akaenda kwa mwingine, na mwingine. Wawili wetu wa mbele walikuwa wanachechemea na hatukuwa na mtu wa kubadilisha. Wapinzani walikuwa na benchi nzima imekaa pale na tracksuit. Alijua tukienda muda wa ziada tunachinjwa. Alikuwa na jaribio moja, na miguu ya jaribio moja. Akafanya hesabu ambayo sisi wote hatukutaka kuifanya, kwa sekunde chache, na kelele zote zile, bila ubingwa wowote wa kuegemea. Alikuwa na miaka 17.

Na mimi? Nilikuwa namba 11, na wakati wote akiamua nilikuwa naomba tu mpira usinifikie.

Kwa hivyo binamu aliponiuliza 31 na 6 ni ngapi, nilinyamaza kwa sababu nilikumbuka kuwa mimi ndiye niliwahi kuuliza hilo swali kwa sauti kubwa zaidi, nyuma ya basi.

Kapteni, najua unasoma hizi posti juu huwa unaweka like na huongei. Ulikuwa sawa. Ungekuwa sawa hata sasa, na mpira ukiwa bado umepita juu ya mikono yetu. Nimetoa lile jina kwa simu yangu. Naomba na wengine wa darasa letu watoe.

Na wewe unayesoma, kuna mtu kwenu alithubutu ikakataa. Aliacha kozi, akafungua kibanda kikafungwa, akaenda trials akarudishwa. Mnamuita nani siku hizi? Kabla umuite hivyo tena, jiulize alikuwa anaona nini siku anaamua, na wewe ulikuwa wapi.